Kondoo wa Fumba kwa Mtu Asiyetaka Kuchoka

Sogea karibu, ndugu yangu, maana mengine nitakwambia kwa sauti ya chini. Umeamua kufuga kondoo wa nyama Fumba, hapa Unguja. Umeona picha ya dume mnene, mweupe, mwenye kichwa cheusi, ukajiona umesimama pembeni yake na bakora mkononi, watu wa Bweleo na Dimani wakipita na kusalimu. Sikulaumu hata kidogo. Hamu ya kuonekana imejenga mabanda mengi kuliko hamu ya nyama, na nyama inayopatikana ni ileile. Tutaitumia hamu hiyo, ila tutaifunga kamba fupi.

Kanuni ni moja: kila kazi inayoweza kufanywa na kondoo, na jua, na mawe, usiifanye wewe.

Hatua ya kwanza: kwepa kazi kabla hujanunua

Nunua kondoo asiye na sufu. Kondoo wa sufu anataka mkasi, anataka mnyoaji, na katika joto la Fumba anahema kutwa nzima. Kondoo wa kwetu Afrika Mashariki wana nywele fupi kama za mbuzi. Hutanyoa mtu, hutanunua mkasi.

Sasa chagua aina, na hapa ndipo majivuno yanapokula fedha za watu. Yule dume wa kwenye picha ni Dorper. Alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn wa Uingereza na kondoo mwenye kichwa cheusi ambaye asili yake ni Somalia. Anakua haraka na ana mapaja. Lakini alitengenezwa kwa ajili ya nchi kavu, na Fumba imezungukwa na bahari pande tatu, ina masika na vuli, na majani yake hulala na maji.

Yupo mwingine, kondoo mwekundu wa Kimasai. Ni mdogo, jike mzima ana kilo 30 na kidogo, rangi ya udongo, mkia wa mafuta, hana sura ya kupigiwa picha. Kuanzia 1991 hadi 1996 watafiti waliwaweka hawa wawili bega kwa bega kwenye shamba moja Diani, kusini ya Mombasa, pwani yenye unyevu kama wetu. Minyoo ya tumboni iliwachinja wana wa Dorper. Wekundu nao walikuwa na minyoo, lakini michache zaidi, na walibaki wamesimama. Mwisho wa hesabu, kundi la wekundu lilitoa nyama nyingi kuliko la Dorper, kwa sababu mwanakondoo mdogo aliye hai ana uzito kuliko mkubwa aliyezikwa. Kwenye nyanda kavu za Kenya wekundu hawakuwa na ubora huo. Fumba si nyanda kavu.

Basi nunua majike wekundu. Watatoka bara, Arusha au Manyara, kwa lori halafu kwa chombo. Omba vibali vya kuwasafirisha na kuwaingiza Zanzibar kabla hujatoa fedha. Mnyama aliyezuiliwa bandarini anakula kila siku, na anakula mfukoni mwako.

Hatua ya pili: nunua dume mmoja wa kujionyesha

Hapa ndipo ninapokuruhusu. Nunua Dorper mmoja, dume. Mwoshe, mpe jina la mchezaji unayempenda, mfunge karibu na barabara. Wageni watamwona yeye, watasema "mashaallah", na hakuna atakayeuliza kuhusu wale wekundu wadogo nyuma ya ua. Dume mmoja unaweza kumhudumia kwa dawa na kivuli. Thelathini huwezi.

Watoto wake na majike wekundu watakuwa wanene kuliko mama zao na wagumu kuliko baba yao. Wauze wote, au wale wote. Wote, ndugu yangu. Usimbakize hata jike mmoja chotara kwa ajili ya kuzaa kwa sababu ana umbo zuri. Hivyo ndivyo wafugaji wengi wa Kenya walivyoimaliza damu ya wekundu: kila kizazi walimbakiza aliye mkubwa, na ugumu ukayeyuka bila kelele. Ukitaka majike wapya, tenga wekundu wachache upande, wape dume mwekundu. Huyo si lazima aonekane barabarani.

Madume wawili wanataka mazizi mawili, na wewe utajenga moja. Fanya kama Wamasai: mfunge dume mwekundu kipande cha ngozi chini ya tumbo, kining'inie mbele ya viungo vyake. Atazunguka na majike kutwa, atajaribu, na hatapata kitu. Ukimtaka afanye kazi, mfungue. Umeokoa ukuta mzima.

Hatua ya tatu: lala

Sali alfajiri, kisha rudi kitandani. Nasema kwa dhati. Mnyoo mbaya kuliko wote, yule anayenyonya damu ndani ya tumbo la nne, jike wake hutaga mayai kwa maelfu kila siku. Mayai hutoka na kinyesi, huanguliwa, na vibuu hupanda kwenye jani lenye umande. Hawapandi juu sana. Jua likikausha jani, hushuka tena kwenye udongo na kivuli. Mfugaji mwenye bidii anayewatoa kondoo mapema, majani yakiwa yamelowa, anawalisha minyoo kwa mkono wake. Wewe watoe umande ukishakauka, na usiwaache wakwangue majani hadi kwenye shina. Wahamishe mapema, kipande kipumzike miezi kadhaa.

Jirani akikuuliza mbona unachelewa, mwambie ni utaalamu.

Hatua ya nne: usinunue dawa, nunua macho

Duka la dawa za mifugo lingependa uwanyweshe kondoo wote dawa ya minyoo kila baada ya wiki kadhaa. Kataa. Mshike kondoo mmojammoja, vuta chini ukope wa jicho. Ukiona wekundu uliokolea, mwache aende zake. Ukiona weupe, damu imeliwa, mnyweshe leo hii. Waafrika Kusini walibuni kadi ya rangi 5 kwa kazi hii, lakini ukishawaona wachache walio wazima na wachache walio hoi, jicho lako litajifunza. Dawa ikipewa wote kila mara, minyoo inayobaki ni ile isiyokufa kwa dawa. Kwa kumnywesha mgonjwa tu umeokoa fedha, umeokoa muda, na dawa itakufaa na mwakani. Na jike anayekuwa mweupe kila masika, asizae tena. Mpeleke sokoni akishapona na siku za dawa zikishapita.

Ukidhani ujanja wa namna hii ni mdogo, kumbuka jinsi Unguja ilivyoondokana na mbung'o. Miaka na miaka walipigwa dawa, walitegwa, wakabaki msituni Jozani na kwingineko. Kisha, kuanzia 1994, ndege zikaanza kumwaga mbung'o madume kwa mamilioni, waliozalishwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Akishapandwa na dume tasa, kizazi chake kimekwisha. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa Septemba 1996. Inzi alidanganywa kwa tamaa yake mwenyewe, na leo kondoo wako wanalala Fumba bila nagana, ugonjwa wa mbung'o. Hapa kisiwani sijasikia udanganyifu uliofanywa vizuri kuliko huo.

Hatua ya tano: chanja

Sotoka ya mbuzi na kondoo haina ujanja wala njia ya mkato. Muite bwana mifugo.

Hatua ya sita: lisha kutoka jikoni kwa watu wengine

Ardhi ya Fumba ni maweni. Jembe linagonga jiwe, na majani hutoka kwenye nyufa. Usiilalamikie: jiwe hilohilo linasugua kwato, na maji ya mvua hayakai juu yake, kwa hiyo miguu haiozi upesi. Lakini majani peke yake hayatoshi kiangazi. Zungukia majirani. Chicha la nazi lililokwisha kukamuliwa, majani ya mfenesi, maganda ya ndizi, maganda ya muhogo. Ya muhogo yaanike juani siku kadhaa kwanza, maana mabichi yana sumu. Lusina ni nzuri, isizidi theluthi ya mlo, maana ikizidi kondoo hunyonyoka. Maji yawe matamu. Visima vya ufukweni vina chumvi, kwa hiyo vuna ya mvua kutoka kwenye bati.

Kuna zawadi mbili za kuzikataa kwa tabasamu. Ya kwanza ni sinia la pilau lililobaki harusini. Kondoo atalifakamia, wali utachachuka tumboni, na asubuhi utamkuta amekauka. Mpe gao moja, kinachobaki wape kuku. Ya pili ni chumvi ya kulamba ya ng'ombe. Ina madini ya shaba yanayomfaa ng'ombe na kumuua kondoo taratibu, na ukigundua umechelewa.

Hatua ya saba: jenga ua unaolika

Kata fito za gilirisidia, zichimbie mwanzo wa masika, zikaribiane. Zitachipua. Ua ukiwa mrefu, upunguze, majani yaache yanyauke siku moja ili harufu ipungue, walishe. Umejenga ukuta na ghala kwa kazi moja. Usiku kondoo walale ndani ya banda lililoinuliwa, sakafu ya mbao zilizoachiana nafasi ya kupita kinyesi na isiyopitisha mguu. Kinyesi kinaanguka chini, mkulima wa mboga atakuja kukinunua, na mbwa wazururaji watabweka tu.

Hatua ya nane: hesabu kwa mwezi wa kuandama

Hii ndiyo siri yenyewe. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, mbuzi wa udhiya, yaani wa kuchinjwa Idi, awe amekwisha kutimiza miaka 2. Kondoo, mwaka 1 unamtosha. Jirani anayefuga mbuzi atamlisha mwaka mzima zaidi yako kwa Idi ileile.

Basi mfungue dume Mfungo Tisa. Kondoo hubeba mimba kwa miezi 5, na wetu hawachagui msimu, kwa hiyo majike watazaa Mfungo Pili. Idi ya Mfungo Tatu ya mwaka unaofuata, mwanakondoo ametimiza mwaka na siku za kutosha, na hakuna wa kukubishia. Usihesabu kwa Januari na Februari, maana Idi inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka na itakuponyoka.

Tahadhari moja. Miaka hii Mfungo Pili unaangukia masika, na jike aliyezaa hushindwa kuizuia minyoo kwa wiki kadhaa. Mama na mtoto wabaki juu bandani, uwakatie majani uwapelekee. Ni kazi, najua. Ni ya wiki chache tu.

Hatua ya tisa: mpambe

Siku za Idi zikikaribia, waoshe. Wasimamishe mahali palipoinuka kidogo, mnunuzi awe chini, jua liwe nyuma yake. Nywele nyekundu zilizooshwa zinang'aa kama shaba na hakuna uongo hapo.

Usiwalambishe chumvi ili wanywe maji wavimbe tumbo. Mchinjaji wa Kisakasaka amekwisha kuuona ujanja huo, na mnunuzi wako ni mtu utakayekutana naye Ijumaa. Wala usimfiche kiwete au chongo. Kilema cha wazi, upofu wa jicho wa wazi, ugonjwa wa wazi na ukonda wa kupindukia vinaibatilisha udhiya, na utakuwa umemharibia mtu ibada, si nyama tu. Huyo mchinje wewe, wakati mwingine, kwa pilau ya nyumbani.

Na nunua mizani ya kuning'iniza. Mnunuzi wa jumla anakuja na jicho lake, na jicho lake lina njaa. Ukimtajia kilo, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Hatua ya kumi: jiandae kuhama bila aibu

Fumba inajengwa. Tangu miaka ya 1990 sehemu kubwa ya rasi hii imetengwa kuwa eneo huru la uchumi, na sasa maghorofa yanainuka pale mbuzi walipokuwa wakilala. Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma tangu baada ya Mapinduzi, kwa hiyo kabla hujachimbia fito hata moja, nenda kwa sheha, ujue unachimbia wapi na kwa karatasi gani. Usimwage zege. Banda liwe la mbao zinazofunguka kwa nyundo na kupandishwa kwenye gari moja.

Siku vijana wenye darubini za kupimia watakapokuja kusimika mawe yao, kwanza uza machotara, wote. Kisha Dorper, maana jina lake limekwisha kujulikana na bei yake iko juu. Majike wekundu wenye mimba usiwauze kwa bei yoyote. Wafunge kamba, wapeleke Kombeni kwa shemeji, mwambie ni wa muda, na mwachie na ile ngozi ya dume mwekundu.