Sifa za Kigeu, Mjumbe wa Modeli

Washairi wamemsifu ngamia na wakaisifu mitende, ila hakuna niliyemsikia akikisifu kigeu, yule mjumbe tunayemtuma kupeleka hoja za modeli katika lugha ya R, ambaye kwa ajili yake taa za wanafunzi wa takwimu hapa Ibra, Oman, huwaka hadi alfajiri.

Fadhila yake ya kwanza ni sitara. Ukiandika fomula ya mavuno ya tende kwa kadiri ya maji ya mfereji wa falaji, ukaiita f, kisha ukaikabidhi lm, funksheni ya modeli za mstari, jina hilo, hesabu itakwenda barabara. Lakini matokeo yakichapishwa, mahali pa fomula patasimama f peke yake, na msomaji wa mwaka kesho ataachiwa thawabu ya kubahatisha.

Fadhila ya pili ni uaminifu kwa asili. Fomula haisahau ilikozaliwa. Basi ukiiingiza ndani ya funksheni yako pamoja na uzani uitwao w, lm itautafuta w katika jedwali la data, kisha huko kwao fomula, wala haitatupa jicho ndani ya funksheni ulimouweka. Ikiukosa, itakwambia haupo. Ikikuta w mwingine wa hesabu ya jana, wenye urefu ule ule, itauchukua kwa bashasha na kukupa jibu safi lisilo kweli, pasipo onyo. Ndivyo mwanamume wa Ibra, asiyeruhusiwa soko la wanawake la Jumatano, anavyopokea kwa shukrani chochote alichorudi nacho dada yake.

Wala tusiwalaumu waasisi. Fomula hizi, zilizoelezwa na Chambers na Hastie katika kitabu chao cha 1992 juu ya lugha ya S, na kurithiwa na R ya Ihaka na Gentleman kule Auckland, zilikusudiwa kumpa raha mtu anayeandika majina ya safu kwa mkono wake. Anayetuma mjumbe hakuwa mgeni rasmi wa karamu hiyo. Anayeikwepa sitara ya f kwa kukimbilia funksheni do.call, ipelekayo thamani zenyewe badala ya majina, huchapishiwa data yote, kurasa kwa kurasa, akajuta kuutaka ukweli.

Basi kigeu, ewe mwalimu wa subira, nakuombea umri mrefu. Na nikishaitikia amini, naiandika fomula yangu mwenyewe, herufi kwa herufi.