Wa Politekiniki Haombwi Kuchimba

Mtoto wa jirani yetu hapa Mutoshi, huku kwenye migodi ya Kongo, anasoma uhandisi wa migodi kule Politekiniki. Tangu ajiandikishe, havui kaski, ile kofia ngumu ya njano ya mgodini. Anaenda nayo kununua mkate. Jumapili anaipangusa vumbi kwanza, kisha anaingia nayo kanisani. Avenyu nzima inamwita Injinia, na mtihani wa kwanza wa jiolojia bado hajaufanya. Wala sijasikia hata siku moja mtu amegonga geti lao saa mbili za usiku akisema, "Injinia, njoo basi utuchimbie kidogo."

Mimi nasoma niwe asistanti sosiali, yule mtu wa ustawi wa jamii. Nikirudi jioni, mfuko wa madaftari bado uko begani, nakuta benchi letu limejaa. Lile benchi mume wangu alilipigilia misumari ili apumzike akitoka kazini. Siku hizi anapumzikia kwenye ndoo iliyofunikwa, maana benchini kuna mwenye kesi ya mahari, mwenye kesi ya kiwanja cha marehemu, na bibi mmoja ambaye hana kesi yoyote ila amesikia kuna watu wanasikilizwa.

Mwalimu alitufundisha mapema habari ya siri ya kazi. Lile unaloambiwa na mwenye shida halitoki kinywani mwako, hata mume wako asilijue. Nikalipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kesho yake, jirani wa nyuma akanisimulia siri yake. Alikuwa anafua upande wake wa ukuta, mimi natwanga sombe upande wangu, kwa hiyo ilibidi apaze sauti kuushinda mchi. Mumewe amepata mwanamke kule Musompo, kwenye depo za madini, na pesa ya karo imekwenda huko. Alipofika mwisho akapaza sauti zaidi: "Lakini yaya, ile maneno ibakie kati yetu!" Kutoka nyumba ya tatu mtu akajibu, "Itabakia!"

Mama yangu naye ana makosa yake, na yanatokana na serikali. Zamani mtu alisoma graduat ya miaka 3, yaani G1, G2, G3, akapata diploma, ndipo akaingia lisansi ya miaka 2. Ukisikia fulani yuko L1, ujue ni mtu mzima kimasomo, yuko mwaka wa nne, amebakiza kidogo. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2021-2022, vyuo vya Kongo vikaingia katika mfumo wa LMD, yaani lisansi, masta, doktora. Lisansi sasa ni miaka 3, na L1 ni mlangoni kabisa, pale unapouliza choo kiko wapi. Hayo nilimweleza mama. Alisikiliza vizuri, akaona hayamsaidii, akaenda kutangaza kwenye kwaya kwamba binti yake yuko L1. Wamama wa kwaya, ambao hesabu yao ni ya zamani, wameshaanza kuchangia kitambaa cha sherehe. Ninapita njia ya nyuma nikienda sokoni.

Mjomba wangu mwenye lisansi ya zamani haipendi kabisa habari hii. "Lisansi ya miaka mitatu? Mimi miaka mitatu nilikuwa nafuta tu machozi ya G3." Lisansi yake iko ndani ya fremu ukutani. Yeye mwenyewe yuko chini yake, anauza yunite za simu.

Chuo chenyewe sikitaji, kwa sababu bado nataka kudeliberiwa, yaani nipitishwe kwenye matokeo. Nitasema tu kwamba silabusi hainunuliwi kwa lazima. Hilo tuliambiwa waziwazi. Kisha orodha ya walionunua ikasomwa kwa sauti mbele ya promosheni nzima, pole pole, na baada ya kila jina mwalimu akawa anainua macho. Ada inatajwa kwa dolari, mume wangu analipwa kwa faranga, na siku ya kulipa ndiyo siku ambayo wabadilishaji wa pesa njiani wanaamka na roho mbaya. Ukishalipa, unaenda kusoma kwenye valvu, ule ubao wa matangazo, kama jina lako limo. Halimo. Unarudi na risiti. Risiti ni halali, wanasema, ila orodha ilipigwa chapa kabla yake.

Halafu kuna profesa mgeni. Anatoka Lubumbashi, barabara ya kilomita kama 300, na kwa kuwa hoteli inalipiwa kwa usiku, kozi ya muhula mzima inamiminwa asubuhi hadi jioni mpaka iishe. Ni mtu mwema na anajua kazi yake, lakini mifano yake ameibeba kutoka alikosomea. Siku nzima tulijadili kisa cha mzee anayeishi peke yake kwenye fleti, hana wa kuzungumza naye, paka wake amekufa. Tukapewa TP, kazi ya mazoezi, tukamtafute mzee wa namna hiyo karibu na kwetu. Tuliitafuta Mutoshi yote. Aliyekaribia ni mzee mmoja ambaye katika chumba chake wanalala wajukuu wanne tu, na alipoulizwa kuhusu upweke alisema anautamani sana, tumwelekeze unapopatikana.

Kozi inayonitesa kuliko zote ni ile ya kuzungumza na mwenye shida. Inaanza na Mary Richmond, Mmarekani, aliyetoa kitabu chake Social Diagnosis mwaka 1917 kufundisha kwamba kabla ya kumsaidia mtu uchunguze kwanza hali yake kwa utaratibu. Nikiitazama fotokopi tuliyouziwa, naona ilitolewa mwaka uleule. Inaendelea na Carl Rogers, naye Mmarekani, aliyeshikilia kwamba mwenye shida ndiye mwenye jibu. Kazi yako ni kumsikiliza bila kumhukumu, bila kumkatiza, na hasa bila kumshauri. Umrudishie maneno yake mwenyewe, ataona njia.

Huyu Rogers hakuwahi kukaa kwenye benchi letu.

Mama mdogo alikuja kutoka Kapata. Kijana wake ameacha shule, anashinda mtoni anaosha madini, na jioni anarudi na pesa nyingi kuliko baba yake, kwa hiyo hakuna anayemkemea. Alilia. Nikakaa kama nilivyofundishwa, mwili umeelekea mbele kidogo, mikono imetulia. Nikasema, "Nasikia, Mama, kwamba una uchungu mwingi."

Akaacha kulia. "Uchungu njo nilikuambia mie. Wewe unanirudishia uchungu wangu?"

Nikasonga mbele na kanuni. "Na wewe mwenyewe, Mama, unaona ufanye nini?"

"Kama ningejua, ningekuja huku? Na manseba nimelipa!"

Akafunga kitenge chake, akapanda pikipiki nyingine, akaenda kwa mzee wa kanisa, ambaye alimpa ushauri kabla hajakaa vizuri. Ulikuwa ushauri mbaya. Aliridhika sana. Kwetu mtu mzima anayeombwa neno akakosa kutoa neno ni mchoyo tu, hata akiwa na digrii. Sasa ukoo wote unajua kwamba nimekwenda chuo kikuu kusomea kunyamaza, na kwamba tunalipia.

Kambo wangu, yaani bibi mzaa mama, yeye haridhiki na upande mwingine kabisa. Alikulia kambini kwa wafanyakazi enzi za kampuni ya migodi ya Union Minière, kabla serikali haijaitaifisha mwaka 1967 ikaja kuwa Gécamines. Anawakumbuka maasistanti sosiali wa wakati ule, Wazungu wa kike wenye viatu vyeupe. Walikuwa wanaingia jikoni, anasema, wanafunua sufuria, wanauliza mtoto amekula nini, wanampima kwenye mizani, na mchana wanakufundisha kushona kwenye foyer sosiali. Mimi nilifikiri ataniambia alivyochukia kufunuliwa sufuria. Alichoniuliza ni hiki: "Sasa wewe, mizani yako iko wapi?"

Sina, Kambo. Nina kalamu.

"Na unga?"

Hapo ndipo penyewe. Kwa watu wa umri wake, mambo ya sosiali ni kitu kinachopimwa kwa kilo. Kampuni ilitoa poso, gunia la unga kwa mfanyakazi na watoto wake, pamoja na shule na hospitali. Ikaja 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines wakaondoka kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, ule ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Babu yangu alikuwa mmoja wa hao wenye hiari. Gunia likakatika, ada ikabaki, na watoto wa wafanyakazi wa mgodi wakaanza kuingia mgodini kwa kupita chini ya uzio. Sasa mjukuu anakuja na karatasi kuuliza kwa nini.

Na karatasi ndiyo iliyonimaliza. Staji yetu, yale mazoezi ya kazini, ilitaka kila mmoja ahoji familia na watoto wa machimboni kwa fomu ya kurasa nyingi. (Ofisi iliyotupokea ilitaka pia rimu ya karatasi kwa kila mwanafunzi. Bila rimu, barua yako haina muhuri.) Mwalimu alitutahadharisha kwamba watu watakuwa na woga, tuwazoeze taratibu. Woga gani? Tangu Amnesty International na Afrewatch watoe ripoti yao ya Januari 2016 juu ya watoto na kobalti, huku kwetu hakujakosekana mgeni mwenye daftari. Mutoshi yetu tena ilipata bahati ya pekee. Mwaka 2018 machimbo yaliyo katika eneo la Chemaf yalizungushiwa uzio kwa mradi wa majaribio pamoja na Trafigura, shirika la Pact na koperative ya COMIAKOL. Kadi zikawa mlangoni, watoto nje, na wanawake wakaingia bila kuambiwa kwamba wanafukuza madini. Mwaka 2020 Kovidi ikaja, mradi ukafungwa. Na kila hatua ilikuwa na wageni wake, na kila mgeni na maswali yake.

Kwa hiyo nilimkuta mvulana wa miaka kama kumi na miwili ameketi juu ya gunia. Nikatoa fomu, nikaanza na jina lake.

"Ridhaa kwanza," akaniambia.

Nikafungua ukurasa wa ridhaa. Akanionyesha pa kusaini, akamwita mama yake kwa mluzi, mama akasaini bila kuuliza kitu, akarudi kuosha. Tukaenda. Majibu yalikuwa yanafika kabla ya maswali. Watu sita nyumbani, mlo mmoja, maji ya kisima. Kwenye shule alijua hata kwamba nitamkumbusha habari ya elimu ya msingi kuwa bure tangu 2019, akaniwahi: "Masomo ni bure, lakini yunifomu na daftari hapana. Andika." Nilipokunja fomu, akanikumbusha kwamba swali la choo sijauliza. Lilikuwa nyuma ya ukurasa.

Kisha akauliza la kwake, ambalo fomu haikuwa nalo. "Hii karatasi inaendaka wapi?"

Ukweli ni kwamba inakwenda kwa mwalimu, anaiwekea alama juu ya 20. Nilimwambia inakwenda chuoni. Akatafakari, akasema zile nyingine zilikwenda Kinshasa na Ulaya, ya chuoni hajawahi kuijaza, labda hiyo itafika. Nilipewa 13.

Sheria tunayo, tena nzuri. Ile ya 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inasema wa chini ya miaka 18 ni mtoto, inakataza kazi za hatari, inamwadhibu hata anayemsingizia mtoto uchawi, na imeweka mahakama ya watoto ambayo jaji wake anamtuma asistanti sosiali nyumbani akachunguze. Naisoma usiku kwa tochi ya simu, moyo unajaa. Asubuhi naongozana na asistanti sosiali halisi wa staji yangu, mtu wa miaka mingi kazini, anaenda kuchunguza kwa miguu. Pesa ya pikipiki haijafika. Haijafika tangu siku nyingi kiasi kwamba ameacha kusema haijafika, anasema tu "tutembee." Ndiyo maana katika promosheni yetu, ukiuliza mbele ya mwalimu kwa nini tumechagua kazi hii, wote tunapenda watu. Wakati wa mapumziko, wote tunapenda jipi nyeupe ya shirika la ONG yenye antena ndefu.

Sasa kuna TP mpya. Kurasa tano, tuichunguze familia moja yenye matatizo, tueleze chanzo na tupendekeze msaada. Nilikosea kuisoma kwa sauti benchini. Yule jirani mwenye mume wa Musompo akasema bila shaka ni familia yake itakayoandikwa. Mwenye kiwanja cha marehemu akauliza tangu lini mume mhuni akawa tatizo mbele ya kiwanja, na tena yeye ana nyaraka. Yule bibi asiye na kesi akaenda nyumbani, akarudi na mwanawe mlevi, akamsimamisha mbele yangu nimwone vizuri. Walikuwa wanakaribia kushikana ndipo mama mkwe wangu akatoka jikoni na mwiko wa bukari.

"Nyamazeni wote," akasema. "Familia yenye matatizo inajulikana. Mke anatoka asubuhi, anarudi giza. Bukari anasonga mama mzima wa miaka sabini. Mwanangu, mwenye nyumba, anakalia ndoo." Akageuka kwangu. "Mwanangu, shika kalamu. Chanzo ntakupa mie."

Nikamtazama mume wangu kwenye ndoo yake. Alikuwa ameshanisogezea daftari.