Kitanzi na Sufuria

(Stoo ya Gereza la Kamiti, Kenya. Sufuria ya jikoni imeletwa kuzibwa tundu. Kitanzi kinaning'inia msumarini.)

KITANZI: Mama Sufuria, umechakaa jamani! Nitazame mimi, hata uzi mmoja haujakatika.

SUFURIA: Utachakaaje, mzee, na mara ya mwisho kuitwa kazini ilikuwa 1987, kwa wale wa jaribio la mapinduzi la 1982? Mimi tangu siku hiyo sijapoa.

KITANZI: Kazi yangu kubwa ni kutisha. Nikikohoa hapa, mwizi wa Eastlands anatetemeka.

SUFURIA: Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia hukumu waliongoja kunyongwa, zaidi ya 4,000, wakawa wafungwa wa maisha. Mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta akawabadilishia wengine 2,747. Hao walitoka wapi katika miaka saba tu? Kohoa vizuri, mzee.

KITANZI: Hao ni wakaidi.

SUFURIA: Na wakaidi hula. Ugali na maharagwe kila siku, askari wa kuwalinda usiku na mchana, rufaa juu ya rufaa. Wenzao wanalima na kuranda mbao. Wa hukumu ya kifo, Kibaki mwenyewe alilalamika, wanakaa bure.

KITANZI: Nikiondoka, watu watauana ovyo!

SUFURIA: Hebu sikiza. Watu wawili wakimpora mtu simu kwa nguvu, huo ni wizi wa kimabavu: kifo. Wakimmaliza ili asije akawatambua: kifo. Hapo umemlinda nani?

KITANZI: Aa, Mahakama ya Juu ilishawapa majaji uhuru wa kuchagua hukumu, 2017.

SUFURIA: Kwa mauaji tu, mwaka 2021 yenyewe ilifafanua hivyo. Basi muuaji akawa na matumaini kuliko mpora simu! Nenda ukawafundishe wezi hesabu hiyo.

KITANZI: Kwani wezi wanaogopa nini?

SUFURIA: Kushikwa. Mwizi hajiulizi kama atanyongwa. Anajiuliza kama gari la polisi lina mafuta. Na mafuta hayo, mzee, ndiyo tunayoyala hapa.

KITANZI: Sasa mimi niende wapi na uzee huu?

SUFURIA: Omba uhamisho ukafunge ng'ombe. Huko angalau maziwa yataonekana.