Sifa za Namba Iliyojisingizia Utasa

Wanahisabati wamezitukuza namba nyingi zenye tabia njema, lakini ni haki kwamba 4,294,967,297, iliyomponza mtaalamu mmoja mashuhuri na kusitiri aibu yake kwa miaka 92, nayo itungiwe sifa zake, kwa kuwa kusema kweli ni jambo la kawaida miongoni mwa namba, ilhali kudanganya kwa ustadi ni kipaji.

Namba hiyo ni ya ukoo bora. Hupatikana kwa kuzidisha 2 kwa yenyewe hadi zitimie 2 thelathini na mbili, kisha kuongeza 1. Na dada zake watano waliotangulia, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, wote ni namba tasa, ambazo hazigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa zenyewe. Katika hisabati utasa ni heshima, na ndiyo maana Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa, alipoitazama familia hiyo mwaka 1640, aliamini kwamba wote watakaofuata watakuwa tasa, ingawa alikiri kwamba hakuwa na uthibitisho.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini namba hii ilificha na ikazaa pacha. Mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi aliyefanya kazi St. Petersburg, alionyesha kwamba 641 ikizidishwa kwa 6,700,417 hutoa namba hiyohiyo iliyosifiwa kwa kutokuwa na mtoto. Tena watoto hawakufichwa mbali, kwani kila kigawo chake, kama Euler alivyothibitisha baadaye, lazima kibakize 1 kinapogawanywa kwa 64, na namba tasa zenye sifa hiyo ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Kwa hiyo aliyejua njia angebisha hodi milango mitano tu.

Ustadi wake mkubwa zaidi umo katika mtihani ambao Fermat mwenyewe aliuasisi, usemao kwamba 2 ikizidishwa kwa yenyewe hadi idadi ya hizo 2 iwe pungufu kwa moja kuliko namba tasa yoyote iliyo witiri, tokeo likigawanywa kwa namba hiyo hubakiza 1. Namba hii isiyo tasa huupita mtihani huo bila kutetereka, nayo hunaswa pale tu 2 inapoondolewa na 3 kuwekwa mahali pake. Mtego wa Fermat, basi, ulimwacha mwizi apite huku ukimpigia saluti.

Hata kiburi haina, maana ikiwekwa katika nafasi ya biti 32 za kompyuta, ambazo huhesabu kuanzia 0 hadi 4,294,967,295, hufurika na kubaki 1. Fadhila yake kuu, hata hivyo, ni kwamba iliwafundisha wataalamu kuwa mifano mitano haifanyi uthibitisho, somo ambalo dada zake wakweli wasingeweza kulitoa kamwe. Wala haikuiangusha kabisa ahadi ya ukoo, kwa sababu 641 na 6,700,417 zote mbili ni tasa halisi: utasa ambao mama alijisingizia, watoto wameutimiza.