Kitasa Kilichobeba Geti

Mama mkwe wangu alisafiri kwa basi kutoka Tanga, akavuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, akateremka stendi ya Nyabugogo, Kigali, alfajiri, akapanda teksi mpaka Sonatubes, kisha akasimama nje ya geti langu karibu nusu saa kwa sababu halikufunguka. Lilikuwa kosa langu, na nalieleza tangu mwanzo maana mageti kama lile yako mengi mtaani.

Nyumba tuliyopanga iko mteremkoni, si mbali na njia panda ya Sonatubes, jina lililotokana na kiwanda cha mabomba. Geti ni la kuteleza, refu mita 4, na halina mlango mdogo. Kwenye vilima vya Kigali geti la mbawa mbili husumbua: ukilivutia ndani hugusa ardhi inayopanda, ukilisukumia nje hula barabara. Kwa hiyo mafundi hutandika reli, yaani chuma cha engo kilichogeuzwa mgongo juu, na geti hupita juu yake kwa magurudumu mawili yenye mfereji. Kwenye nguzo ndipo linapofungiwa: kitasa kina ulimi wa ndoana, ukizungusha ufunguo ndoana inaingia kwenye tundu la nguzo na kushika.

Mwezi Machi, mvua za itumba, yaani masika, zilipoanza, ufunguo ukawa mgumu. Mke wangu ndiye aliyetambua kwanza. Akaniambia, "Baba watoto, ukiliinua geti kidogo kwa goti, ufunguo unazunguka." Tukaishi na goti hilo wiki mbili. Sasa naona kwamba ugonjwa wote ulikuwa umekwisha kutajwa katika sentensi ile moja, nami nikaisikia kama ufundi wa kufungulia tu.

Ufunguo ulipopinda niliita fundi wa kwanza. Akatazama kitasa, akasema kimechakaa, akaweka kipya. Kilifanya kazi siku tisa. Fundi wa pili akaona ndoana inagonga ukingo wa chini wa tundu, akachukua grainda akalipanua tundu kwenda chini. Geti likafunga kwa urahisi jioni ile, tukafurahi. Baada ya siku chache ndoana ikawa inagonga tena ukingo ule mpya. Akarudi, akapanua tena, akabadilisha na kitasa chenyewe. Tukafika kitasa cha tatu, na tundu lililokuwa la vidole viwili sasa linapitisha ngumi ya mtoto.

Fundi huyo wa pili alitaka kuja mara nyingine tarehe 11 Aprili, nikamwambia asije. Siku hiyo mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, askari wa Umoja wa Mataifa waliondoka shule ya ETO Kicukiro wakawaacha watu zaidi ya 2,000 waliokimbilia pale. Waliojaribu kwenda uwanja wa Amahoro walizuiwa hapa Sonatubes, wakaswagwa hadi Nyanza, wakauawa. Mtaa wetu hukumbuka. Sikutaka kelele ya grainda ukutani kwangu siku ile.

Mama alifika Jumamosi ya mwisho ya Aprili, saa 1:30 asubuhi. Saa yake ya mkononi, iliyokuwa bado ya Tanga, ilisema 2:30. Nikasikia hodi, nikakimbia na ufunguo. Nikamwamkia kupitia upenyo, "Shikamoo mama." Akajibu, "Marahaba mwanangu, nifungulie, miguu imevimba." Ufunguo ukazunguka robo ukasimama. Nikainua kwa goti, nikainua kwa mabega, mke wangu akashika upande wa pili. Ndoana haikutoka. Geti zima lilikuwa limeilalia.

Kumwacha mama mkwe barabarani na mzigo wake ni jambo zito kwetu. Mke wangu alikuwa analia na kuomba radhi, mama anambembeleza kutoka nje. Jirani wa ng'ambo, mama wa Kinyarwanda mwenye umri kama wa mama mkwe, akatoka na kiti na kikombe cha chai. "Mwihangane, mukecuru," akamwambia, yaani vumilia, bibi, na mama akakaa kwa adabu kama amekaribishwa barazani. Sitamsahau mama yule.

Ilikuwa siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na kabla ya saa 2 majirani wakaanza kutoka na majembe na mitaimbo. Vijana wanne wakaingiza mtaimbo chini ya ncha ya geti, karibu na nguzo, wakainua upana wa kidole kimoja. Nikazungusha ufunguo. Ulizunguka laini kabisa, kama kitasa kimetoka dukani.

Mama akaingia. Majirani wakaenda kwenye umuganda, nami nikawafuata. Kazi ilipokwisha, saa 5, akaja fundi wa tatu, mzee wa Biryogo anayezungumza Kiswahili kilichonyooka. Hakugusa kitasa. Alipiga magoti kwenye reli, akaweka pimamaji juu ya fremu ya geti, kisha akauliza, "Nani alikwambia kitasa ni kibovu? Kitasa kimebeba geti. Hiyo si kazi yake."

Tulitia jeki, akachomoa gurudumu la mbele. Beringi ilikuwa tope tupu, gololi zimelika, na mfereji wa gurudumu umechimbika upande mmoja. Kila lilipolika, ncha ya geti ilishuka, na ndoana ikashuka nayo. Chanzo cha tope kilikuwa mtaro uliozibwa na majani: maji ya mvua yaliacha njia yake, yakapita juu ya reli na kuacha mchanga. Fundi wa pili alikuwa akiliteremsha tundu lifuate geti linalozama.

Akanituma Agakiriro ka Gisozi, soko la mafundi, kununua magurudumu mawili, si moja, kwa sababu jipya na kuukuu hayalingani kimo na geti lingesimama upande. Akayafunga, akapaka grisi, akasafisha reli. Kisha akachomelea bamba kwenye nguzo kuziba tundu lililopanuliwa, akakata jipya mahali pa zamani, akalisawazisha kwa tupa. Kazi ya kulirudisha tundu ilichukua muda mrefu kuliko magurudumu yenyewe. Mtaro niliuzibua mwenyewe kesho yake.

Nakusihi, ndugu msomaji, kama geti lako la kuteleza linagoma kufunga, inua kwanza ncha yake kwa mtaimbo. Ufunguo ukizunguka, kiache kitasa, kagua magurudumu na mahali maji yanapopita.

Fundi alitoa sandukuni kitasa cha kwanza, kile nilichoambiwa kimechakaa, akakitia mafuta, akaunyoosha na ufunguo wake uliopinda. Ndicho kilichopo getini mpaka leo. Mama alikaa kwetu wiki tatu, na asubuhi ya kuondoka alilifungua geti yeye mwenyewe, kwa mkono mmoja.