Ndege ya Bwana YVAN

Kupaka rangi ndege ya kwenye kompyuta huonekana kazi ya kitoto mpaka ubavuni pasomeke YVAN. Neno lililokusudiwa ni NAVY, yaani jeshi la majini la Marekani. Katika programu za zamani za kuigiza urubani, ilikuwa kawaida picha moja kuvikwa mbavu zote mbili ili kubana kumbukumbu ya kompyuta. Upande mmoja ukasomeka sawasawa, wa pili ukageuka kama kwenye kioo. Basi C-2 Greyhound, punda mnyenyekevu wa kupeleka barua, vipuri na mabaharia kwenye manowari za kubeba ndege, inatua sitahani ikiwa mali ya Mrusi fulani. Mkono wa mchoraji hauna kosa. Kosa ni kudhani kwamba rangi ni pambo. Rangi ya ndege ya kijeshi ni maandishi, na anayeipaka bila kuisoma lazima aumbuke.

Tazama ndege za jeshi hilo la majini zilizohudumu Antaktika. R4D iliyoitwa Que Sera Sera, ambayo ni DC-3 ya kijeshi, ilikuwa ndege ya kwanza kutua Ncha ya Kusini, tarehe 31 Oktoba 1956. Ndege za huko zilipakwa nyekundu au rangi ya machungwa ili zikianguka thelujini zionekane kwa mbali. Mpenda urembo anayezipaka nyeupe tupu kwenye kompyuta, ati ziendane na mazingira, amewaachia waokoaji kazi ya kutafuta chumvi ndani ya sukari. Mwingine hupaka vizuri, kisha husahau kuziingiza faili zake kwenye orodha ambayo Microsoft Flight Simulator ya 2020 huisoma. Ndege ikabaki nje kama mgeni wa harusi asiye na kadi, na suti yake mpya.

Watasema rubani hukaa ndani, mkia wake hauoni. Mbona dereva wa daladala haoni maandishi ya kioo cha nyuma, na bado huyalipia? Yaliandikwa kwa ajili ya anayemfuata. Watasema tena kwamba huu ni mchezo, hakuna anayeumia. Kweli, na ndiyo maana usahihi hauna gharama: ndege halisi ikikosewa rangi hudai mafundi, ngazi na ndoo za rangi, ya kompyuta hudai dakika chache tu. Kanga iliyochapwa jina kinyumenyume haiuziki, hata rangi zake zipendeze vipi, wala mchapaji hatetewi kwa kuambiwa ni nguo tu. Kwa hiyo, ndugu mpakaji, kabla hujaigawa kazi yako, izunguke ndege hadi ubavu wa pili, usome kwa sauti.