Rahisi kwa Nani?

Mpwa wangu anasoma uchumi chuo kikuu, na tangu aanze hajaniomba kitu bila takwimu. Zamani ilikuwa "Mjomba, naomba hela ya soda", ukimpa anaondoka. Sasa anakuja na jedwali.

Jedwali la safari hii lilikuwa la mashine za gemu: jina, mwaka, bei ya siku ya kwanza sokoni Marekani, halafu bei hiyohiyo ikiwa imegeuzwa kuwa dola za 2024 kwa kufuata mfumuko wa bei. Atari ya 1977 iliuzwa dola 199, ambazo leo ni kama 1,000. Neo Geo ya 1990, dola 649. Leo zinapita 1,500. 3DO ya 1993, dola 699. Nazo zinapita 1,500. PlayStation 3 ya 2006, ile kubwa ya dola 599, inazidi 900. Kidole kikateremka hadi PlayStation 5 ya 2020: dola 499, sawa na 600 hivi. "Unaona, mjomba? Ni bei ya kutupa. Tuichukue tu."

Hiyo "tuichukue" nimeisikia. Mwenye pochi ni mmoja.

Kwanza, jedwali lilikuwa na mapengo. PlayStation ya kwanza haimo. Mei 1995 huko Los Angeles, Sega walitangaza kwamba Saturn yao ni dola 399. Steve Race wa Sony akapanda jukwaani, akasema "299", akashuka. Hotuba nzima ndiyo hiyo. Dola 299 za wakati ule ni kama 615 za 2024, yaani hazipishani na PS5 yake. PS2 ya mwaka 2000, dola 299 vilevile, inaangukia kwenye 545, chini kabisa ya PS5. Kijana ameshafundishwa mistari ya kuruka. Ataajiriwa upesi huyu. Badala yake kanijazia Neo Geo na 3DO, mashine ambazo hata Wamarekani wenyewe bei iliwashinda. Ni kama kudai daladala ina raha kwa kuwa umewahi kusafiri juu ya lori la mkaa.

Halafu huo mfumuko wenyewe. Unapimwa kwa kapu la bidhaa na huduma: chakula, kodi ya nyumba, mafuta ya gari. Kwa hiyo jedwali linachoniambia ni kwamba gemu imepanda polepole kuliko kodi ya nyumba. Ahsante sana. Sasa kodi ya nyumba ikipanda, mimi ndiyo nabaki na hela nyingi ya gemu?

Nikamtajia shilingi. Dola 599 za 2006 zilikuwa kama shilingi 750,000 za Tanzania; dola 499 za 2020 zilikuwa kama 1,150,000. Bei imeshuka dola 100 na kupanda shilingi 400,000 kwa wakati mmoja, na hapo hujalipa usafiri wala ushuru. Akasema shilingi nayo lazima irekebishwe kwa mfumuko. Nikamwambia arekebishe, ila aanze na mshahara wangu.

Alipoondoka nikapiga hesabu ya kizee, ya jasho. Mwaka 1977 kima cha chini cha serikali kuu ya Marekani kilikuwa dola 2.30 kwa saa, kwa hiyo kibarua aliifanyia Atari kazi saa 87. Mwaka 1995, kwa dola 4.25, PlayStation ilikuwa saa 70. PS3 ilikuwa balaa, saa 116 kwa kima cha 5.15. PS5 ya 2020 ikarudi saa 69, na hapo mpwa angeshangilia. Asishangilie mapema: kima hicho ni dola 7.25, nacho hakijasogea tangu Julai 2009. (Majimbo mengi hulipa zaidi, najua, asinikatize.)

Bei ndiyo imesogea. Zamani ukisubiri ulifaidi. PS2 ilishuka hadi dola 199 mwaka 2002. Siku hizi mvumilivu anakuta bei imepanda. Agosti 2025 PS5 ileile, ikiwa na miaka yake karibu mitano, ilifika dola 550, yaani saa 76. Xbox Series X iliyoanza na 499 ilifika 650 Oktoba mwaka huohuo: saa 90. Kibarua wa leo anaitolea jasho zaidi kuliko babu yake alivyoitolea Atari, ile ambayo jedwali linadai ilikuwa ya dola elfu moja!

Ken Kutaragi, baba wa PlayStation, alisemwa sana mwaka 2005 kwa kutamani watu wajiambie watafanya kazi saa zaidi ili waipate PS3. Mimi namtetea mzee huyu. Kwa ukali wake wote, angalau alitaja kipimo chenyewe.

Basi nyie wachora majedwali, ongezeni safu moja ya saa za kazi, na muandike bei ya dukani leo, siyo ya siku ya uzinduzi. Mkishamaliza ndipo muwatume wapwa zetu.